Asumini Katika Hori ya Kaka Yangu

Wanangu, mmekuwa mkinijia mmoja mmoja, na nyote mna ombi moja: "Bi Kuru, tupatie kitawi cha asumini yako ya Chula." Sina. Nimeona bora niandike, maana kila nikijibu kwa mdomo napandwa na uchungu nikawafokea watu wasio na kosa. Mkitaka kujua mtu huanzaje kupanda katika ua mdogo, hilo nitawaambia, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya tangu ujana wangu mpaka vidole vikakataa kukunja. Lakini msitarajie nitawaambia kwa furaha. Aliye na furaha na bustani hapa Kismayu siku hizi, namwomba anikaribishe kwake nikaione.

Kazi yangu haikuwa na jina. Watu waliniita Bi Kuru wa madebe, na mimi sikukasirika, kwa sababu ni kweli nilikuwa nikionekana njiani nimebeba debe kuliko nilivyoonekana nimebeba mtoto. Nyumba za huku karibu na bandari zimebanana. Ua ukiutia jiko, tangi la maji, kamba ya nguo na mbuzi mmoja, umekwisha. Mimi nilikuwa nikiingia katika nyua hizo nikitafuta pembe ambayo mwenye nyumba mwenyewe hajui kuwa anayo: juu ya ukuta wa choo, chini ya ngazi, kando ya mlango pale jua linapogusa asubuhi na kuondoka. Hapo nikapanda mrehani, pilipili, mchicha, kitunguu cha majani, mhina kwa wenye nafasi. Kisha nikawa narudi kutazama, maana watu wa mjini hupenda mmea siku ya kupandwa tu.

Asumini niliiweka kwangu. Ilitoka katika ua wa mama yetu kisiwani Chula. Tulipohamia Kismayu mama aliipakata katika kopo la maziwa safari nzima, na mawimbi yalipotumwagia maji aliifunika kwa buibui lake akatuacha sisi watoto tunalowa. Ilikuwa na maua madogo yaliyojaa, si yale mapana ya sokoni yanayonyauka kabla ya adhuhuri. Bibi harusi wa kwetu akitoka bila asumini kichwani, analaumiwa mamake, basi kila kulipokuwa na harusi ya Kibajuni hapa mjini, mlango wangu haukufungwa; maua niligawa, tawi sikumpa mtu. Wengine hawakutaka kuivaa tu, walitaka kuinusa na kulia. Ilikuwa ndiyo Chula waliyobaki nayo.

Aliyenifunza kazi ni Bi Mwanate, mwanamke mkavu wa maneno aliyekuwa na mrehani mpaka kwenye ndoo zilizopasuka. Siku ya kwanza nilimwendea na jembe dogo, nikidhani nitaanza kuchimba. Alinitekea maji ya kisima chake kwa kata.

"Onja."

Nikaonja. Nikasema ni maji.

"Mai yapi? Yana chumvi au hayana? Mchu asojua mai yake akapandeni?"

Basi hilo ndilo langu la kwanza kwenu pia. Kabla hujatafuta mbegu, yajue maji yako. Yaonje asubuhi kabla hujanywa chai. Kama ulimi wako umezoea na hauambii kitu, chukua sabuni ya kufulia uisugue humo: povu likikataa kutoka, maji hayo yana chumvi ya kukudhuru. Mrehani utavumilia kidogo. Mhina utavumilia zaidi. Asumini haivumilii. Ukingo wa jani huungua kwanza, rangi ya chai, halafu jani zima hujikunja na kuanguka, na wewe unaendelea kumwagilia ukidhani lina kiu.

La pili ni matundu. Hapa nimegombana na wanawake wa mji mzima. Mtu anahangaika na punda wa maji, akipata dumu moja lenye maji matamu anafurahi mpaka anaimba, halafu mimi namwambia atoboe debe lake chini maji yatoke. Ananiangalia kama mwizi. Mke wa mfanyabiashara mmoja aliniruhusu nitoboe, akaniaga vizuri, nikipinda kona akayaziba matundu kwa lami. Mwezi haukupita akaniita: udongo juu umefanya ukoko mweupe na pilipili zimekufa. Nikampa ule ukoko aonje. Alitema mpaka mate yakamwishia. Chumvi ikiingia katika debe lisilo na tundu haina pa kwenda, wanangu, inakaa na mmea wako humo humo. Toboa matundu, inua debe juu ya mawe ili yasizibwe na mchanga, na ukiona weupe juu ya udongo ukwangue uutupe nje ya ua, si kwenye debe la jirani.

Udongo wa pwani msiutumie peke yake, ni mchanga na makombe. Mimi nilikuwa nasubiri gari linaloleta mboga kutoka mashamba ya mtoni, nikamwomba dereva anijazie gunia la udongo wa ukingo wa mto. Huo nao ukiwa peke yake hupasuka ukikauka. Changanya nusu kwa mchanga wa juu, ule ulionyeshewa, uongeze samadi ya mbuzi iliyolala mpaka haina harufu. Samadi mbichi huchoma. Matumbo ya samaki ni chakula kizuri cha mmea, lakini yafukie mpaka kiwiko, la sivyo paka watakufukulia kila kitu na utawachukia bure.

Mambo haya Bi Mwanate alinipa kwa ukali, na mimi nikayafikisha kwa ukali. Mtu pekee niliyebadilishana naye kwa upole ni Halima, jirani yangu. Huyu alikuwa mkulima kule mtoni. Vita na mafuriko vilimtoa, akaja kupanga chumba nyuma ya ukuta wangu. Hakuwahi kupanda kwenye kopo maishani mwake. Wiki ya kwanza alipanda mahindi katika makopo ya maziwa, akayapanga ukutani kwa safu akisubiri mavuno. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye alicheka, akasema, "Abayo, kwetu mahindi hayajui kopo, na mimi silijui." Abayo ni dada kwao, na tangu siku ile tukawa hivyo. Yeye alinifunza kuonja udongo, si maji tu. Huweka chembe kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho, akakwambia habari yake yote.

Siku hizi maji ya mtaa wetu yameharibika. Kila nyumba mpya imechimba kisima na kutia mashine, zinavuta mchana kutwa, na bahari imesogea chini kwa chini kuja kujaza nafasi. Kisima changu, ambacho Bi Mwanate alikuwa akikisifu, sasa hata sufuria hulia kikiitia doa. Wateja wangu wameacha mmoja baada ya mwingine. Nyua zimewekwa saruji, juu yake zimejengwa vyumba vya kupangisha. Msichana mmoja alinionyesha katika simu yake mboga zinazoota ndani ya mabomba, bila udongo, maji yanazunguka tu. Nikamwuliza maji hayo wanayatoa wapi. Akasema video haikueleza. Sikumcheka. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa na hamu niliyokuwa nayo mimi, na mimi sikuwa na la kumpa isipokuwa kumwambia aanze na mhina na asikate tamaa, nami mwenyewe nimeshaikata.

Asumini tu ndiyo nilikuwa bado naipigania. Nilikuwa nainunulia maji ya punda, matamu, naipimia kwa kikombe. Ilikuwa katika debe lile lile kwa miaka mingi, mizizi imebanana, maua yamepungua. Nilijua inahitaji chombo kikubwa. Nilikuwa nalisema hilo ndani ya nyumba kila siku, na aliyekuwa akinisikia ni kaka yangu Lali.

Kaka Lali ni fundi wa vyombo vya baharini. Au alikuwa. Kazi ya fundi wa vyombo, kwa asiyejua, nusu yake ni kuziba. Mbao ukishaziunga, kila upenyo unautia pamba na mafuta ya papa kwa patasi na nyundo, ndiyo kukalafati, mpaka maji yasipate pa kuingia. Amefanya hivyo tangu hajaota ndevu. Magoti yalipomkataa na vijana wakahamia maboti ya plastiki yenye mashine, alibaki na hori moja, chombo kidogo cha kuvulia karibu na pwani, alichokichonga mwenyewe. Aliivuta mpaka uani kwetu, akaiegemeza ukutani. Jioni huketi kando yake akaipapasa. Watu walitaka kuinunua wafanye kuni, akawafukuza kwa matusi ambayo mtu wa rika lake hapaswi kuyajua.

Basi mama yetu mdogo alifariki kule Chula, nikaenda kwenye matanga. Kaka hakuweza, magoti. Nilipomaliza kulia na wenzangu niliomba nifuatane na mtu mmoja tukautazame ua wa mama. Dari imeanguka. Kisima kimejaa mawe na mchanga. Ile asumini mama, iliyozaa ya kwangu, ilikuwa kisiki kimekauka, na mbuzi walikuwa wamekitafuna mpaka chini. Nilikwangua gome kwa ukucha nikitafuta ukijani. Nikakwangua pote. Nilizunguka nyumba chache zilizobaki na watu nikiuliza nani ana tawi lake, kila mmoja akaniambia, "Si unayo wewe, Kuru, kule Kismayu?"

Nilirudi na maneno hayo kifuani. Ndani ya boti nilipanga: nikifika tu, sifungui mzigo, nachukua matawi ya rika la kati, si mabichi wala magumu, nayapanda katika makopo kadhaa kivulini, namgawia kila atakayeniahidi. Nilikuwa na haraka mara ya kwanza baada ya miaka.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri, jambo asilolifanya.

"Ndoo uone," akanishika mkono akinivuta nije uani. "Ndoo, Kuru, usivue buibui."

Uani, pale katikati, hori ilikuwa imekaa juu ya mawe. Imejaa udongo mzuri, mweusi, wa mtoni. Alimwagiza dereva kwa jina langu. Na katikati ya udongo imesimama asumini, mizizi yake imekunjuliwa, matawi yamefungwa kwa nyuzi za nyavu ili yasivunjike na upepo.

"Si ulisema yachaka chombo kikubwa?" akasema. "Hiki hapa. Na inama utazame chini."

Nikainama. Alikuwa ameitoboa. Safu ya matundu safi, yamepigwa kwa keekee yake mwenyewe, yamepangwa sawasawa kutoka omo hadi tezi, mbele ya chombo mpaka nyuma.

"Nawe wajua," akasema, na sauti yake ilibadilika, "mimi sijapata kutoboa chombo. Nimeziba umri wangu wote. Tundu la kwanza nilipolipiga, Wallahi, mkono ulikataa. Nikasema, hii ni ya mama. Nikapiga."

Nilimkumbatia, nikalia, na alidhani nalia kwa furaha. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimeshaweka kiganja kwenye ubavu wa hori, na kiganja kilitoka na unga mweupe.

Hili ni kosa ambalo mtu wa bara hawezi kulifanya, kwa sababu hana hori. Ni letu sisi. Tunapenda vyombo vyetu mpaka tunadhani vinaweza kubeba kila kitu. Ubao uliokaa baharini miaka mingi, ukapakwa mafuta ya papa na kuachiwa maji ya chumvi yalale ngamani, chini kabisa ya chombo, umekunywa chumvi mpaka moyoni. Ukiujaza udongo na kuumwagilia, unaanza kuitema. Matundu ya kaka yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, lakini matundu hutoa chumvi iliyo ndani ya udongo. Iliyo ndani ya ubao inaendelea kuja. Ingehitaji masika mawili ya mvua nzito kuiosha hori ile ikiwa tupu, na sisi masika hatukuyapata.

Mwanzo asumini ilinifanya nijione mjinga. Ilitoa majani mapya, ikatoa na maua, kaka akawaita majirani waje kunusa. Nami nikawa najiambia labda, labda. Kisha kingo za majani zikaingia rangi ya chai.

Halima alikuja siku kaka amekwenda kuswali Ijumaa. Alichukua chembe ya udongo karibu na ubao, akaiweka ulimini, akafumba macho.

"Abayo, chombo hiki ndicho kinachoiua."

"Najua."

"Iondoe leo."

"Nikamwambie nini Lali?"

Halima naye aliujua ugumu wake. Alikuwa akimwona kaka kila jioni akiketi kando ya hori, sasa haipapasi tena, anaisomea dua.

Tukaanza kufukua sisi wawili, tuitoe tuirudishe kwenye debe, nami nitazua maneno baadaye. Mizizi ilikuwa imeshatambaa na kujibandika kwenye ubao. Ya upande mmoja ilikatika mikononi mwangu kama uzi uliooza, na ilikuwa myeusi. Kabla hatujafika upande wa pili kaka akaingia. Akatukuta tumezama mpaka viwiko.

"Mwafanyani?"

"Twaulegeza udongo," nikasema. "Upate hewa."

Uso wake ulifurahi. Akavua kanzu, akapiga magoti yale mabovu, akatusaidia kulegeza. Kisha akaushindilia tena kwa viganja, vizuri, jinsi nilivyomfunza.

Nilichoweza kufanya nilikifanya kwa kuiba. Nilikata matawi nikayapanda katika makopo chumbani kwangu. Tawi la mmea unaokufa hubeba kifo chake, yote yaligeuka meusi chini. Nililaza tawi moja refu nje ya hori, nikalifukia katikati kwenye karai la udongo safi, likiwa bado limeshikana na mamake, njia ambayo haijawahi kuniangusha. Nililifukua baada ya muda, halikuwa limetoa hata unywele. Nilikaa sakafuni na lile tawi mapajani. Ujuzi wangu wote niliokuwa nikiwafokea nao watu wa mji huu haukuweza kukiokoa kitu kimoja nilichotaka kukiokoa.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha, wanangu. Jani la mwisho lilianguka mwanzoni mwa kaskazi. Nyumba kumi za Chula zinadhani ninayo mimi, na mimi ninacho kijiti.

Anzeni nyinyi na mnachokipata. Anzeni na mhina na mrehani, onjeni maji, toboeni madebe. Mkipata tawi la kitu mnachokipenda, msilifiche kwa miaka mkidhani mnalihifadhi, ligaweni wiki ile ile, kwa wengi, hata kwa wazembe. Na chombo kilichowahi kukaa baharini msikipandie kitu, hata akiwapa mtu mnayempenda.

Mtakapokuja kunitembelea, kwa kuwa najua mtakuja hata baada ya kusoma haya, mtamkuta kaka Lali uani. Yeye husoma msahafu tu, herufi hizi hazijui, kwa hiyo bado hajui kwamba hori yake ndiyo iliyoiua. Siku hizi chai yake anaipika kwa maji ya kisima, ya chumvi, anakunja uso na kuinywa, ili fungu lake la maji matamu lipate kubaki. Kila asubuhi analimimina kwenye hori polepole, kikombe kwa kikombe, asije akakiumiza kile kijiti. Kisha anageuka kunitazama.

"Imeshika, Kuru?"

Na mimi namwambia, "Bado, kaka. Ipe muda."